Aiskrimu ya Kuagia

Palupi Wulansih hakuwahi kumwambia mtu "sitaki" usoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na aliishika kama wengine wanavyoshika saumu. Alizaliwa katika mji wa Solo, akalelewa Solo, nyuma ya karakana za batiki, na baba yake alimfundisha kwamba muungwana hakatai. Muungwana huzunguka, huzunguka tena, mpaka mwenzake agundue mwenyewe kwamba amekataliwa, na ikiwezekana arudi nyumbani akidhani wazo lilikuwa lake.

Kanuni hiyo ilimjazia nyumba. Alikuwa na paka wanne, naye hapendi paka. Majirani walimletea mmoja baada ya mwingine, na kila mara alisema manyoya yake yanapendeza. Jikoni kwake kulikuwa na mashine ya kusagia nyama aliyouziwa na binamu yake, na kando yake mashine nyingine kama hiyo aliyouziwa na binamu huyohuyo, kwa sababu aliisifu mno ile ya kwanza. Bwana mmoja wa idara ya maji alimchumbia kwa miaka. Alikuja kila Jumapili na kikapu cha vitumbua, akaeleza nia yake, na Palupi akamjibu kwamba mvua za mwaka huu ni kubwa. Hatimaye bwana yule alielewa, akaoa kwingine, na akampa Palupi kazi ya kupika kwenye harusi. Mtaa mzima uliona kwamba jambo hilo limemalizika kwa heshima.

Tusimcheke mapema. Adabu ya namna hiyo ina kazi yake, na mji ambao watu wake hawarushiani maneno ni mji wa kuishi. Lakini adabu ina mpaka, na Palupi alikuwa hajawahi kuuona mpaka huo.

Kazi yake ilikuwa kusimamia chakula cha harusi kwa Bu Kunthi, mwanamke mnene mwenye jiko kubwa na ulimi mkali. Huko mama huitwa Bu au Ibu, baba Pak, kaka Mas na dada Mbak, hata kama si ndugu. Harusi ya Solo haina habari ya wageni kupanga foleni na kujipakulia. Mgeni huketi, naye huletewa. Wabebaji hupita na masinia mabegani, sahani zikapokewa mkono kwa mkono mpaka mwisho wa safu. Kwanza chai na kitafunwa, kisha supu, kisha wali, kisha aiskrimu ya nazi katika vikombe vidogo. Aiskrimu ikishafika, kila mtu anajua la kufanya: maliza kikombe chako, inuka, wape mkono maharusi mlangoni, nenda kwako. Hakuna anayetangaza, hakuna anayefukuzwa. Palupi ndiye aliyesimama nyuma ya pazia na kuinua kidole. Vikombe vilitoka, na ukumbi mzima ukaenda nyumbani ukitabasamu. Katika maisha yake hakuwahi kuona lugha iliyo wazi kuliko hiyo.

Mambo yalianza kuharibika siku Bu Kunthi alipokaa kwenye gunia la mchele na kusema, "Palupi, miguu yangu imegoma. Baada ya Idi nafunga jiko."

Palupi alitaka kusema, "Usifunge, Bu, nitakufa njaa." Akasema, "Ndiyo, Bu. Kupumzika ni kuzuri." Kisha akaenda kuomba kazi kwenye hoteli mpya karibu na stesheni, iliyokuwa ikitafuta msimamizi wa ukumbi wa karamu.

Kwenye chumba cha kusubiri usaili alimkuta mwanamke wa rika lake aliyejifunika mtandio wa kijani, akisugua kiatu kimoja kwa kingine.

"Mbak, unatetemeka, au ni kiyoyozi?" mwanamke yule aliuliza.

"Kiyoyozi," Palupi alisema.

"Mimi natetemeka kweli. Kiyoyozi nimekizoea, nimefanya kazi hoteli za kisiwa cha Batam, mbali na hapa, tangu mwanangu hajaota meno." Jina lake lilikuwa Endah Murwani, naye hakuwa mtu wa kuficha. "Sasa Laras yuko darasa la pili, analelewa na mama yangu hapa hapa Solo. Juzi nimempigia simu, nikamsikia anamwita bibi yake: 'Mbah, njoo, yule mama wa kwenye simu.' Yule mama! Kana kwamba mimi ni tangazo."

Palupi alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka.

"Cheka tu, mimi mwenyewe nilicheka. Kisha nikakata tiketi. Nikipata hapa, nabaki. Nisipopata, Batam wamenishikia nafasi yangu mpaka mwisho wa mwezi, lakini ni mkataba wa miaka miwili, na hawatoi ruhusa ovyo."

"Utapata, Mbak," Palupi alisema.

"Hee! Wewe si mpinzani wangu? Mbona unaniombea?"

"Kuombeana hakukatazwi."

Wakacheka wote wawili, wakapeana namba za simu.

Aliyewasaili alikuwa Bu Tiurma Hutasoit, mkuu wa wafanyakazi, mtu wa kabila la Wabatak kutoka kando ya ziwa Toba, kisiwa kingine, aliyekuwa hajamaliza hata mwaka mmoja Solo. Kwao watu hawazunguki. Alikuwa na sauti ya kumwitia mtu ng'ambo ya maji, na aliitumia hata kuomba kalamu. Baada ya usaili wa pili alimwita Palupi ofisini, akamwambia bila hata kumkaribisha kiti, "Mmebaki wawili, wewe na Endah. Nyote mnafaa. Wiki ijayo nachagua mmoja. Una swali?"

"Yametosha, Bu."

"Vizuri. Kunywa chai yako uende."

Siku mbili baadaye, Palupi akiwa anamenya vitunguu, Bu Kunthi alijikongoja hadi mezani, akavuta kiti. "Nimebadili mawazo. Miguu imegoma, mikono haijagoma. Mimi nitakaa kwenye kiti hiki na kugomba, wewe utakimbia. Jiko liwe letu wawili, na jina lako liandikwe mlangoni pamoja na langu. Unasemaje?"

"Ndiyo, Bu," Palupi alisema, na mara hii ndiyo yake ilikuwa ndiyo. Akalia, akasingizia vitunguu.

Kwa hiyo lilibaki jambo moja tu, dogo kabisa: kujitoa kwenye usaili. Palupi alilifurahia, maana Endah angepata kazi na yule mtoto angepata mama. Alimweleza Mas Gondo, mkuu wa wabebaji wa masinia, mtu mwembamba aliyezoea kusema asichoulizwa.

"Basi mpigie yule mama sasa hivi," Gondo alisema. "Mwambie: asante sana, kazi siitaki tena. Umemaliza."

"Mas Gondo! Unataka nimtukane mtu?"

"Tusi liko wapi hapo?"

"Amenisaili mara mbili. Amenipa chai. Nimkatalie kama namkatalia muuza mafagio?"

"Muuza mafagio hujawahi kumkatalia. Una mafagio sita nyuma ya mlango."

Palupi alifuta mikono, akatoka uani, akapiga simu.

"Samahani kwa kukusumbua, Bu. Hamjambo nyumbani? Mvua huko hotelini?"

"Mvua ya hotelini ni ileile ya mjini. Sema, dada."

"Nilikuwa nafikiria, Bu. Ukumbi wenu ni mkubwa mno, na mimi ni mtu wa jikoni tu. Pengine ukumbi kama ule ungemfaa zaidi mtu aliyezoea hoteli. Kama Mbak Endah hivi."

"Unamsifu mpinzani wako?"

"Anastahili, Bu."

"Looo! Tangu nianze kusaili watu sijasikia kitu kama hiki. Kila anayekuja hapa anamponda mwenzake. Nimekusikia, Palupi. Nimekusikia vizuri sana." Akakata simu.

Palupi alirudi jikoni akiwa mwepesi. "Nimesema," alimwambia Gondo.

"Umesemaje?"

"Nimesema ukumbi ni mkubwa."

Gondo aliinua macho akaangalia dari kwa muda mrefu, kama fundi anayetafuta mahali panapovuja.

Kesho yake Bu Tiurma mwenyewe ndiye aliyepiga. "Swali moja tu. Ukichaguliwa, unaweza kuanza Jumatatu?"

Palupi alishtuka, maana alidhani mambo yamekwisha. Akajikaza, akatoa jibu zito kuliko yote aliyokuwa nayo. "Nitafikiria kwanza, Bu. Na nitamuuliza mama."

Pale Solo, mtu aliyeambiwa "nitafikiria kwanza" anakunja mkeka wake. Akiambiwa "nitamuuliza mama" juu yake, hata mkeka anauacha. Lakini kando ya lile ziwa, mtu akisema atafikiria, basi amekwenda kufikiria.

"Fikiria!" Bu Tiurma alisema kwa furaha. "Mtu anayefikiria, tena anayemheshimu mama yake, ndiye ninayemtaka."

Hapo ndipo Palupi alipoingiwa na hofu. Alikaa kwenye gunia la mchele, akakisia kwamba amekutana na mtu mgumu wa kuelewa, maskini, tena mtu mwema. Hakufikiri hata kidogo kwamba mgumu wa kueleweka ni yeye. Akaamua kutumia lugha ambayo hata mtoto mchanga anaielewa.

Alikesha na tui la nazi. Asubuhi alipanga vikombe vya aiskrimu kwenye sinia la shaba la harusi, akavifunika kwa jani la mgomba, akavaa kebaya yake ya kijivu, blauzi ya sherehe, akaenda hotelini.

Mlinzi wa getini, Pak Jumeri, mzaliwa wa palepale, alifunua jani. Uso wake ukabadilika. Akavua kofia yake.

"Kumbe unaaga, Mbak."

"Naaga, Pak."

"Haya. Sisi tulishakuzoea." Akachukua kikombe, akala akiwa amesimama wima, akampa mkono. "Njia njema."

Karani wa mapokezi, msichana wa Klaten, mji jirani, naye alipopewa chake machozi yalimlengalenga. "Jamani, Mbak. Tulitamani uwe wetu."

"Nisamehe kama nilikosea popote."

"Mimi ndiye wa kuomba radhi."

Moyo wa Palupi ulitulia kabisa. Kumbe lugha ilikuwa inafanya kazi. Akaingia ofisini kwa Bu Tiurma, aliyekuwa na simu sikioni na karatasi mdomoni, akamwekea kikombe mbele yake kwa mikono miwili. Bu Tiurma alionja. Akaweka simu chini. Akamaliza, akachukua cha pili.

"Umetengeneza mwenyewe?"

"Ndiyo, Bu. Huletwa mwisho, baada ya vyote."

"Hii imeninyamazisha, na mimi sinyamazishwi."

"Naomba radhi, Bu, kwa yote niliyokosea tangu nilipoingia mlango huu."

"Umekosea nini? Hujakosea kitu!" Bu Tiurma alimshika mkono akautikisa mpaka bangili zikalia. Palupi akainama, akatoka kinyumenyume kama inavyopasa, akarudi nyumbani, akalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Sasa sikiliza jinsi heshima inavyoweza kuwa mzigo. Pak Jumeri alijua. Karani wa mapokezi alijua. Wafagiaji waliolamba vikombe walijua. Hakuna aliyemwambia Bu Tiurma, kwa kuwa kumweleza mkubwa maana ya jambo lililofanyika mbele ya macho yake ni kumwambia kwamba hakuelewa, na huo ungekuwa utovu wa adabu. Basi wote wakaifunga midomo yao iliyonukia nazi, na Bu Tiurma akachukua simu, akampigia Endah.

Jumamosi kulikuwa na harusi ya mtoto wa mkuu wa shule. Palupi alikuwa nyuma ya pazia, wali umeshatoka, alipochungulia simu yake. Kulikuwa na ujumbe wa hotelini: aripoti Jumatatu. Chini yake ulikuwa ujumbe mwingine.

"Hongera, Mbak Palupi. Jana Bu Tiurma ameniambia nafasi imepata mtu, nikajua ni wewe. Nimefurahi, kweli. Siku ile uliniombea, nikaona nami nikuombee. Jumanne narudi Batam. Ukipita mtaani kwetu msalimie Laras."

Palupi aliusoma akiwa amesimama. Akausoma tena. Kisha akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa katika jiko la Bu Kunthi: akaondoka kabla ya aiskrimu. Alipita katikati ya masinia akiwa na aproni, akatoka mlango wa nyuma, akapanda pikipiki ya kukodi.

Kule ukumbini wali ulikwisha, sahani zikaondolewa, na watu wakabaki wameketi. Hakuna aliyeinua kidole. Wazee walikunja mikono, wakaangalia mbele. Maharusi walisimama mlangoni wakingoja kupewa mkono, na wageni walikaa vitini wakingoja ruhusa ya kuondoka, mpaka mama wa bibi harusi akaanza kuomba dua kimoyomoyo. Ni Gondo aliyefunua sanduku la barafu mwishoni na kupiga kelele, "Toeni, jamani, kabla hawajahamia hapa!"

Hotelini Palupi hakubisha hodi. "Bu," alisema, "sitaki kazi."

Bu Tiurma aliinua macho. "Unasemaje?"

"Sitaki. Nilikuwa siitaki tangu wiki iliyopita."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema, Bu. Nilisema ukumbi ni mkubwa. Nilisema nitamuuliza mama. Nikaleta aiskrimu."

"Aiskrimu ndiyo iliyokupa kazi!"

Karani wa mapokezi alikuwa amesogea mlangoni, na nyuma yake Pak Jumeri, kofia mkononi. "Bu," karani alisema polepole, "hapa kwetu aiskrimu ikiletwa, ndiyo kuondoka."

"Mlijua?"

"Tulijua, Bu."

"Wewe pia, Jumeri?"

"Mimi nilimpa mkono wa kwaheri, Bu."

"Na hamkuniambia!"

"Tulidhani Ibu anajua."

Bu Tiurma aliwaangalia mmoja mmoja. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha ng'ambo ya ziwa, akapiga meza, akafuta machozi kwa kiganja. "Mama yangu wee! Nimefukuzwa kwa kikombe, na mimi nikaomba cha pili!" Hata Pak Jumeri alicheka nyuma ya kofia. Palupi peke yake hakucheka. Bu Tiurma alipomwona, naye akaacha.

"Endah," alisema. Akachukua simu, akaiweka mezani ili wote wasikie.

Endah aliitika haraka. Bu Tiurma alimweleza kwa maneno machache, kama kawaida yake: mwenzako amejitoa, nafasi ni yako, njoo Jumatatu.

Nyuma ya Endah ilisikika sauti ya mtoto akiimba jedwali la kuzidisha kwa mbili.

"Asante sana, Bu," Endah alisema. "Lakini leo asubuhi nimewapa Batam neno langu. Walikuwa wamemweka mtu kwa muda, wamemwambia aondoke kwa ajili yangu, na tayari amepata kwingine. Nikiwageuka leo, wakubwa wangu wanabaki na pengo, na mimi ndiye nitakayekuwa mwongo. Siwezi."

"Nitazungumza nao mimi."

"Hapana, Bu." Alilisema vizuri, bila hasira, na Palupi akastaajabu jinsi neno hilo lilivyo fupi. "Mbak Palupi yupo hapo?"

"Nipo," Palupi alisema.

"Wiki nzima nilikuwa nalala na simu chini ya mto. Namba yangu unayo. Kama yeye ulishindwa kumwambia, kwa nini hukuniambia mimi?"

Maneno ya heshima yalikuwepo mengi, yamepangana kama masinia nyuma ya pazia, na hakuna hata moja lililofaa.

"Sikufikiria," Palupi alisema. "Nilijifikiria mimi, nisionekane mkorofi. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Endah alisema. "Ngoja nimsikilize mtoto hesabu zake."

Hoteli ilimchukua mtu kutoka mji wa Salatiga. Jina la Palupi liliandikwa mlangoni kwa Bu Kunthi, kwa rangi ya kijani, na jirani alipoleta paka wa tano Palupi alimwambia, "Asante, simtaki," kwa sauti iliyotetemeka, na jirani hakufa. Bu Tiurma huja kula pale kila Ijumaa, na akishaletewa aiskrimu huuliza kwa sauti kubwa kama anafukuzwa.

Endah alipanda ndege Jumanne. Laras yuko darasa la pili. Mkataba wa mama yake utakapokwisha, atakuwa darasa la nne.